Kanisa la Nicodemus lilijengwa mwaka gani?

Uliza kanisa la Wabaptisti la Nicodemus, huko Kansas nchini Marekani, lilijengwa mwaka gani, nawe utatajiwa 1879. Mwingine atakwambia 1880. Wa tatu atashikilia 1907, na wa nne atakuonyesha jengo la matofali la 1975. Wote wanne wako sahihi. Kisha tembea hatua chache ndani ya kijiji hicho hicho utakuta kanisa jingine, la mawe, la mwaka 1885. Hilo hujulikana kama kanisa la Wamethodisti, ilhali waliolijenga walikuwa Wabaptisti.

Mkanganyiko wa namna hii umeyaandama makanisa mengi ya mashambani katika nyanda za Marekani. Yalijengwa na watu waliokwenda kupewa ardhi ya serikali katikati ya majani yasiyo na mwisho, na leo historia yake imefupishwa kuwa maandishi mawili juu ya mlango: jina na mwaka. Nimelichagua la Nicodemus kwa sababu waliolijenga walikuwa watumwa miaka 12 tu kabla ya kufika pale, na kwa sababu kisa chao kinaonyesha vizuri kuliko vingine vyote ninavyovijua jinsi sheria ya ardhi, udongo, reli na madhehebu vilivyoamua kanisa lisimame wapi, lini, na kwa jina la nani.

Tuanze na ardhi, maana huko ndiko fundo lilikofungwa.

Tarehe 20 Mei 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ambayo Wamarekani huiita Homestead, yaani sheria ya mashamba ya makazi. Ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1863, siku ile ile ambayo Tangazo la Ukombozi lilitangaza kwamba watumwa katika majimbo yaliyoasi wako huru. Masharti yake yalikuwa machache. Mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, au aliye kichwa cha familia, aliye raia au aliyeonyesha nia ya kuwa raia, angeweza kuandikisha ekari 160 za ardhi ya umma. Angejenga nyumba humo, alime, akae miaka mitano, kisha alete mashahidi wawili wathibitishe kwamba kweli amekaa na kulima. Hapo angepewa hati. Mwanamke asiye na mume aliweza kuandikisha kwa jina lake mwenyewe. Baada ya mabadiliko ya 14 ya Katiba mwaka 1868 kuwatambua Weusi wote waliozaliwa Marekani kuwa raia, hakukuwa tena na kifungu cha kuwazuia.

Watu husema ardhi hiyo ilitolewa bure. Ada zote kwa jumla hazikuzidi dola 18 hivi, hilo ni kweli. Lakini jembe la kukokotwa, farasi au maksai, mbegu, kisima, na chakula cha kula mpaka mavuno ya kwanza havikuwa bure, na mtu aliyetoka utumwani hakuwa na akiba. Kuna jambo la pili ambalo husahaulika zaidi. Ardhi iliyo karibu na reli ilikuwa imeshagawiwa. Serikali ilizipa kampuni za reli viwanja vya kupokezana pande zote mbili za njia, kimoja cha kampuni, kimoja cha umma. Kwa reli ya Kansas Pacific, ukanda huo ulifika maili 20 kila upande. Ndani ya ukanda huo kampuni iliuza viwanja vyake kwa bei yake, na vile vilivyobaki vya umma, mlowezi wa kawaida aliruhusiwa ekari 80 tu mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1879. Aliyetaka ekari zake 160 kamili, tena asiye na fedha, ilimbidi aende mbali.

Nicodemus iko katika wilaya ya Graham, kaskazini magharibi mwa Kansas, kando ya tawi la kusini la Mto Solomon. Kutoka kituo cha reli cha Ellis ni zaidi ya kilomita 50 kuelekea kaskazini. Ukipima kwenye ramani, ni nje kabisa ya ule ukanda. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini watu walijenga kanisa mahali pa mbali namna ile, jibu si kwamba walipenda upweke wa kuomba. Ardhi waliyoweza kuipata ilikuwa huko.

Mji ulianzishwa kama kampuni. Mwaka 1877, mzungu mmoja aliyeitwa W. R. Hill, mfanyabiashara wa viwanja kutoka Indiana, alishirikiana na W. H. Smith, mtu mweusi kutoka Tennessee, wakaunda Kampuni ya Mji wa Nicodemus. Smith akawa rais wa kampuni. Mchungaji Simon Roundtree akawa mkazi wa kwanza, alipofika Juni mwaka huo; husimuliwa kwamba shavuni alikuwa na alama ya chuma cha moto aliyopigwa utumwani kwa kosa la kujifunza kusoma. Zachary Fletcher na mkewe Jenny wakafuata Julai. Matangazo yakasambazwa Kentucky na Tennessee, hasa makanisani, yakiwaita watu weusi waje katika ardhi yao wenyewe.

Makanisani, narudia. Katika majimbo ya kusini kanisa lilikuwa karibu ndilo shirika pekee ambalo watu weusi walilimiliki. Wakati wa utumwa, hasa baada ya uasi wa Nat Turner mwaka 1831, majimbo mengi yalikataza Weusi kukusanyika kuabudu bila mzungu kuwepo, kwa hiyo watu waliomba usiku msituni kwa sauti ya chini. Uhuru ulipokuja, jambo la kwanza walilolifanya ni kujijengea makanisa yao. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliondolewa kusini, na walinzi wa mwisho wa haki zao wakatoweka. Mchungaji aliposimama na tangazo la Kansas mkononi, alikuwa anazungumza na watu wanaojuana, wanaoaminiana, na waliozoea kuchanga fedha pamoja. Ndiyo maana naliona kanisa la Nicodemus kuwa na umri mkubwa kuliko Nicodemus yenyewe. Ushirika ulipanda treni huko Kentucky ukiwa mzima tayari. Kilichokosekana ni nyumba.

Hata jina la mji lina utata wake. Wako wanaosema ni Nikodemo wa Yohana sura ya tatu, mkuu wa Wayahudi aliyemwendea Yesu usiku akauliza mtu mzima awezaje kuzaliwa tena. Wako wanaosema ni mtumwa wa hadithi, mzaliwa wa Afrika, aliyesifiwa katika wimbo uliopendwa miaka ile. Matangazo ya mji yaliutumia wimbo huo, kwa hiyo dai la pili lina nguvu. Lakini mhubiri yeyote aliyelitamka jina lile mimbarani mbele ya watu waliotoka kufunguliwa alijua wasikilizaji wanasikia yote mawili.

Kundi la kwanza, watu wapatao 30, lilifika kiangazi cha 1877. Septemba likaja kundi kubwa kutoka Kentucky, watu zaidi ya 300. Walishuka Ellis, wakaenda kwa miguu na mikokoteni, na walipofika hawakuona mji. Baadhi walikasirika hata wakataka kumnyonga Hill, ambaye ilibidi afichwe. Makumi ya familia zikarudi mara moja.

Masika ya 1878 akafika Willianna Hickman pamoja na mumewe, Mchungaji Daniel Hickman, na waumini wengine kutoka Georgetown, Kentucky. Njiani surua iliwashika, na watoto kadhaa wa msafara walikufa pale Ellis. Miaka mingi baadaye mama huyu alisimulia walivyokaribia. Wanaume walipaza sauti kwamba Nicodemus ile pale. Yeye alikuwa mgonjwa, akafurahi, akatazama kwa macho yote aliyokuwa nayo, asione kitu. Akauliza Nicodemus iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini hapa na pale, akamwambia, hiyo ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wanaishi mashimoni. Akaanza kulia.

Nimeusoma ushuhuda huo mara nyingi, na kila mara naukuta moshi ule ukinielimisha kuhusu ujenzi kuliko picha yoyote. Nyanda za Kansas hazina miti, isipokuwa michache kandokando ya mito. Mbao zilipaswa kuletwa kwa reli hadi Ellis, kisha kwa mkokoteni siku mbili, na bei yake ilikuwa juu. Kwa hiyo mlowezi alianza kwa kuchimba. Alitafuta ubavu wa mwinuko, akachimba chumba ndani yake kama pango, akaziba upande wa mbele kwa mawe au udongo, akaacha mlango na tundu la moshi. Kuni zilikuwa samadi iliyokauka na mabua ya alizeti. Msomaji wa Dodoma anayelijua tembe la Wagogo ataelewa haraka: kuta nene za udongo, paa bapa lenye udongo juu, joto la ndani lisilobadilika sana nje kukiwa na jua kali au baridi. Tofauti ni kwamba tembe limesimama juu ya ardhi, na nyumba hizi zilizama ndani yake.

Ibada za kwanza za Wabaptisti zilifanyika ndani ya shimo la namna hiyo. Mwaka 1879 juu ya shimo paliinuliwa kuta za nyasi. Hapa pana ufundi unaostahili kuelezwa. Majani ya nyanda zile yana mizizi iliyosukana kwa karne nyingi, na jembe la kukokotwa likipita hukata ukanda wa udongo ulioshikana kama mkeka mnene. Ukanda hukatwa vipande, vipande hupangwa upande wa majani ukitazama chini, kama matofali makubwa. Ukuta huwa mnene kuliko urefu wa mkono mpaka kiwiko, na risasi haiupenyi. Paa ndiyo shida. Mvua ya siku moja huendelea kudondoka ndani siku mbili zaidi, na nyoka hujichimbia makao humo. Hilo ndilo kanisa la 1879.

Mwaka 1880, watu wale wakajenga chumba kimoja cha mawe ya chokaa. Fikiria: miaka mitatu tu baada ya kufika, kabla ya wengi wao kutimiza ile miaka mitano ya sheria, kabla ya kupata hati za mashamba yao. Miaka yao ya mwanzo walilima kwa jembe la mkono na sepetu, farasi wakiwa wachache mno katika makazi yote. Wanaume walikwenda kutafuta vibarua kwenye reli na kwa wakulima wa mbali ili kupata fedha ya unga. Na bado walipasua mawe ya kanisa.

Waliwezaje kujenga jengo la kudumu kwenye ardhi ambayo bado si yao? Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu wanadhani kila kanisa la walowezi lilisimama kwenye shamba la mlowezi. Kulikuwa na aina mbili za ardhi. Shamba la ekari 160 lilikuwa chini ya sheria ya Homestead, na mwenye kuliandikisha hakuruhusiwa kuuza kipande chake kabla ya hati. Lakini kiwanja cha mjini kilikuwa chini ya Kampuni ya Mji, na makanisa ya Nicodemus yalijengwa kwenye viwanja vya mji. Kwa makanisa yaliyo nje ya miji, Kongresi, yaani bunge la Marekani, ilikuwa imefungua mlango mwaka 1873: mlowezi aliruhusiwa, hata kabla ya kupata hati, kutoa sehemu ya shamba lake kwa ajili ya kanisa, makaburi, shule au njia ya reli. Ukisafiri Kansas, Nebraska au Dakota ukaona kanisa dogo limekaa kwenye pembe ya shamba la mtu, makaburi ubavuni na shule ng'ambo ya barabara, sheria ya 1873 mara nyingi ndiyo iliyofanya hayo yawezekane.

Nimekuwa nikitumia neno mlowezi, na najua linavyosikika masikioni mwetu. Asili yake ni kulowea, kukaa mahali mpaka ukawa mwenyeji. Lakini kwa msomaji wa Kenya, mlowezi ni mzungu wa nyanda za juu aliyemegewa ardhi ya Wakikuyu na Wamasai. Je, neno hilo linawafaa watu waliotoka utumwani? Naona linawafaa, na linauma kwa haki. Ardhi ya Kansas haikuwa tupu. Wakansa, wenyeji asilia wa Marekani ambao jimbo limechukua jina lao, walihamishiwa Eneo la Wahindi Wekundu, Oklahoma ya leo, mwaka 1873. Wapawnee, wenyeji wengine waliokuwa wakiwinda nyanda zile, walikuwa wameondoka miaka michache kabla. Septemba 1878, Nicodemus ikiwa na mwaka mmoja, Wacheyenne wa kaskazini walitoroka kutoka eneo walilofungiwa kusini, wakakatiza Kansas ya magharibi wakijaribu kurudi kwao, jeshi likiwafuata nyuma. Serikali iliyowaambia wale waliokuwa watumwa kwamba ardhi hii ni ya umma ilikuwa imetoka kuipora.

Wenyewe wa Nicodemus wana simulizi inayoyakutanisha mambo haya. Katika majira ya baridi ya kwanza, chakula kilipokwisha, wawindaji wa Kiosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwapa nyama. Waosage nao walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka Kansas miaka michache kabla. Bila nyama ile, wazee wanasema, pengine pasingekuwa na mtu wa kuhesabu miaka ya kanisa.

Turudi kwenye fundo la pili: kwa nini makanisa mawili, na kwa nini moja lina jina la wengine?

Kijiji cha watu mia chache hakihitaji makanisa mawili kwa sababu ya nafasi. Sababu ni jinsi madhehebu yanavyojitawala. Wabaptisti hawana askofu. Kila ushirika hujiendesha, huita mchungaji wake, humiliki jengo lake, na ukigawanyika unaweza kuwa shirika mbili kesho asubuhi bila ruhusa ya mtu. Wahamiaji walikuja kwa makundi, kila kundi na mchungaji wake, na walowezi waliotoka kanisa moja Kentucky walipenda kuendelea pamoja. Ndiyo sababu Nicodemus ilikuwa na Wabaptisti wa ushirika wa kwanza na Wabaptisti wengine wa Mount Olive. Hao wa Mount Olive ndio waliojenga lile jengo la mawe la 1885.

Wamethodisti wa AME, yaani African Methodist Episcopal, wana mpangilio tofauti. Kanisa lao lilianzishwa rasmi Philadelphia mwaka 1816 chini ya Richard Allen, aliyezaliwa mtumwa, baada ya Weusi kuchoka kubaguliwa wakati wa maombi katika kanisa la wazungu. Lina maaskofu. Askofu humtuma mchungaji na kumhamisha, na mali ya kila ushirika hushikiliwa kwa amana ya kanisa zima. Mwaka 1897 AME walilinunua jengo la Mount Olive. Kuanzia hapo watu wakaliita kanisa la AME, na jina likashika mpaka leo.

Kwa hiyo 1885 ni mwaka wa kuta, na 1897 ni mwaka wa jina. Anayeandika kwamba kanisa la AME la Nicodemus lilijengwa 1885 amesema kweli kuhusu mawe na amekosea kuhusu mikono. Sioni kuwa ni kosa dogo. Mtu aliyebeba jiwe lile alikuwa na dhehebu lake, na alilibeba kwa ajili ya dhehebu hilo.

Miaka ya katikati ya 1880 ilikuwa ya matumaini. Mji ulikuwa na hoteli, maduka, shule, na magazeti mawili, Western Cyclone la 1886 na Nicodemus Enterprise la 1887. Edward McCabe, aliyefika 1878, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas mwaka 1882, jambo ambalo mtu mweusi hakuwahi kulipata kule. Kilichokosekana ni reli. Mji mdogo wa nyanda usio na kituo hauwezi kusafirisha ngano yake kwa faida wala kuleta mbao kwa bei nafuu, na kila mfanyabiashara alilijua hilo. Wakazi walikubali kukopa dola 16,000 kwa hati za deni ili kuivuta reli ya Missouri Pacific. Haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ilijenga njia yake, lakini kusini mwa mto, kilomita kadhaa kutoka mjini, na pale kituoni ukaota mji mpya wa Bogue. Wafanyabiashara wakavuka mto, wengine wakihamisha hata majengo. Magazeti yakafa.

Tazama yaliyobaki baada ya hapo. Duka hufuata njia ya reli, gazeti hufuata maduka. Mkulima hakuweza kuhama na shamba lake, na ushirika ulikuwa wa wakulima. Mwaka 1907, karibu miaka 20 baada ya reli kuupita mji, Wabaptisti wale walijenga kanisa jipya, kubwa kuliko lile la chumba kimoja, nalo kwa mawe ya chokaa ya huko huko. Kwa hesabu za kibiashara mji ulikwisha kufa. Jengo la 1907 linanifanya nisiamini hesabu hizo. Watu hawatoi nguvu za mwili na fedha za mavuno kujenga nyumba kubwa ya ibada mahali wanapopanga kupahama.

Waliondolewa na jambo jingine. Baada ya vita vya kwanza vya dunia bei ya ngano ilianguka, kisha miaka ya 1930 ikaja na ukame na dhoruba za vumbi zilizofukia mashamba ya Kansas ya magharibi. Udongo uliolimwa haukuwa tena na mizizi ya kuushika. Ile mikeka ya nyasi waliyojengea kuta za 1879 ndiyo iliyokuwa kinga ya ardhi, na nchi nzima ilikuwa imeilima kwa miaka 50. Vijana wakaenda Denver, Topeka, Kansas City na California. Ofisi ya posta ilifungwa 1953.

Hapa ndipo tofauti ya madhehebu, ambayo huonekana kama jambo la wanatheolojia, inapoonekana kwa macho. Ushirika wa AME ulipopungua, haukuwa na watu wa kutosha kuendeleza mchungaji aliyetumwa, na jengo likaacha kutumika kwa ibada kwenye miaka ya 1940. Wabaptisti, ambao waumini wachache wanatosha kuwa kanisa kamili, waliendelea. Mwaka 1975 walijenga jengo la matofali kando ya lile la 1907 na kuhamia humo. La zamani halikubomolewa.

Nicodemus iliandikwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1976, na Novemba 1996 Kongresi ikaifanya eneo la kihistoria chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Majengo matano yametajwa: hoteli ya St. Francis, shule ya 1918, ukumbi wa kata wa 1939, na makanisa mawili. Idara ilinunua lile la AME mwaka 1998. La Wabaptisti halikuwa rahisi hivyo, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ushirika hai wenye mali yake na maamuzi yake. Jengo lililokufa mtu hulinunua kwa muuzaji mmoja. Lenye waumini huzungumziwa na waumini wote.

Wahifadhi wakapata swali lao gumu: jengo la 1885 lirudishwe katika hali ya mwaka gani? Mawe yake ya chokaa ni laini, hulika kwa mvua na barafu, na plasta iliyopakwa baadaye ndiyo iliyoyakinga. Ukiibandua unaona kazi ya Wabaptisti wa Mount Olive, lakini unayaacha mawe wazi na kufuta jinsi Wamethodisti walivyoishi na jengo lao. Ukiiacha unahifadhi miaka ya AME na kuficha mikono ya kwanza. Ni swali lile lile tuliloanza nalo, sasa limekuwa la saruji na mwiko.

Wakazi wa kudumu leo ni wachache, hawafiki 50. Lakini tangu 1878, karibu na tarehe 1 Agosti, Nicodemus imekuwa ikisherehekea ukombozi, tarehe iliyochukuliwa kutoka kwa watumwa wa visiwa vya Karibi waliofunguliwa na Uingereza mwaka 1834. Sherehe hiyo siku hizi huitwa kurudi nyumbani, hufanyika mwisho wa Julai, na huwaleta mamia ya wajukuu na vitukuu kutoka majimbo mengine, wengi wao wakiwa hawakuzaliwa Kansas. Kuna gwaride, chakula, michezo ya watoto, na majina ya waliofariki. Jumapili kuna ibada. Hufanywa na Wabaptisti wale wale, ambao hawajaacha kukutana tangu siku za shimo la moshi.